Vyura wa Mitini: Je, Wote ni Ndugu?

Leo tunauliza: vyura wanaoishi mitini wote ni wa ukoo mmoja?

Ukitazama vidole, utasema ndiyo. Ncha zake ni pana na hunata hata kwenye jani lililolowa. Lakini hebu tufuatilie nasaba ya vyura watatu wa mashariki mwa Tanzania.

Wa kwanza ni Hyperolius, chura mdogo wa kwenye matete. Wa pili ni Leptopelis vermiculatus wa misitu ya Usambara, mwenye macho makubwa. Rangi yake hutatiza: mmoja ni kijani, mwingine kahawia, na spishi ni ileile. Kwa miaka mingi Leptopelis aliwekwa familia moja na Hyperolius. Mwaka 2006, uchunguzi mkubwa uliotumia vinasaba ulimhamishia kwenye familia ya Arthroleptis, vyura wadogo wanaoishi chini, katikati ya majani makavu!

Wa tatu ni Chiromantis xerampelina. Huyu hutaga mayai ndani ya povu linaloning'inia kwenye tawi juu ya maji, na viluwiluwi hudondoka dimbwini. Familia yake ni Rhacophoridae, ambayo spishi zake nyingi ziko Asia. Kwa nasaba, yuko karibu zaidi na vyura wa huko kuliko na jirani yake Hyperolius.

Basi vidole vimefananaje? Juu mtini, chura aliyeshika vizuri zaidi ndiye aliyeishi na kuzaa. Vizazi vikapita, vidole vikapanuka, na jambo hilo limetokea katika koo mbalimbali, wakiwemo vyura wa familia ya Hylidae wa Amerika Kusini. Sare ya shule haiwafanyi wanafunzi kuwa watoto wa mama mmoja.

Ndiyo maana wataalamu hupima vinasaba, huchunguza mifupa na kurekodi sauti, kwa kuwa karibu kila spishi huwa na mlio wake. Hata hivyo, mlio nao hautoshi. Hyperolius ukaguruensis wa milima ya Ukaguru, aliyetangazwa kuwa spishi mpya mwaka 2023, dume wake hasikiki akiita.

Utambuzi huu una maana, kwani spishi isiyotambuliwa haiwezi kulindwa kwa jina lake. Wewe msikilizaji unayeishi kando ya msitu, tunza vijito na miti inayoinamia maji. Na ukiona tawi lenye povu jeupe, usilikate: hicho ni kitalu cha vyura.