MAONI YA LEO: Askari na Kanuni za Kijiji



Busiu iko kwenye barabara kuu itokayo Tororo kwenda Mbale. Penye barabara kuu pana malori na bodaboda. Je, ni nani mwenye haki ya kusema, "Hapa pasiegeshwe"?

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 yatoa jibu. Baraza la kijiji ni wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18. Laweza kutunga sheria ndogo, mradi zisipingane na Katiba, sheria za Bunge, wala maagizo ya mabaraza yaliyo juu yake. Kwa hiyo mwenyekiti hawezi kujitungia sheria peke yake.

Askari aliyepanga nyumba kijijini ni mkazi kama wengine. Akiziba njia ya jirani kwa gari lake, na watu wakanyamaza kwa kuogopa sare, sheria imedharauliwa. Vivyo hivyo, mwenyekiti anayenyakua ufunguo wa pikipiki na kudai fedha bila stakabadhi ameidharau sheria. Mashtaka ya kuvunja sheria ndogo husikilizwa na mahakama ya baraza. Huko ndiko faini hukatwa.

Ndugu askari, mkutano wa kijiji unapoitishwa, nenda bila silaha. Toa maoni yako, sikiliza ya wenzako, kisha utii lililoamuliwa. Raia akiona hivyo, naye atatii.