Nani Amesema? Amejuaje? Lini?



Hapa Goma hakuna asiyejua mazuku. Ni hewa inayotoka ardhini, haina rangi, na ni nzito kuliko hewa tunayovuta. Hulala mabondeni na mashimoni, hasa kando ya ziwa kuelekea Bulengo. Mtu mzima anaweza kupita hapo akiwa amesimama na asidhurike, mtoto aliye ubavuni mwake akaanguka, kwa sababu pua yake iko karibu na udongo. Ndiyo maana tunawaambia watoto mapema: pale usicheze, pale usiiname.

Uongo unaopita kwenye simu zetu nao ni mazuku. Hauonekani, na walio wadogo ndio unaowapata kwanza. Lakini mashimo yake hatujawaonyesha watoto.

Tukumbuke mwaka 2021. Tarehe 22 Mei, jioni, mlima Nyiragongo ulilipuka bila kututangulizia onyo. Katika zile mbio za usiku, watoto zaidi ya 150 walipotezana na familia zao. Ndivyo UNICEF ilivyotangaza kesho yake. Kisha ardhi ikatetemeka siku baada ya siku. Tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi akaagiza watu wa kartie, yaani mitaa, 10 kati ya 18 za mji wahame, na watu wakamiminika barabara ya Sake na mpaka wa Rwanda. Siku zile kila mwenye simu alikuwa na habari yake: ya moto, ya ziwa, ya gesi. Mtoto aliyesikia yote hayo angejuaje lipi la kushika?

Kabla ya hapo tulikuwa na Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020. Watu 2,287 walikufa. Wako waliosema ugonjwa haupo, ni biashara ya wakubwa. Februari 2019, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Somo la siku zile ni zito, kwa sababu waliosema hivyo walijiona werevu, watu wasiodanganyika. Anayeamini kila neno na anayekataa kila neno, wote wawili wameacha kupima.

Wazee walituachia methali: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Naiheshimu, lakini katika mji huu imetukimbiza mara nyingi mno. Ipo nyingine ya wazee haohao: kuuliza si ujinga. Hiyo ndiyo naomba tuwalee nayo watoto wetu.

Mtoto wa miaka saba anaweza kubeba maswali matatu: nani amesema? Amejuaje? Lini? Mwalimu, chukua picha ya lava ikipita katikati ya mji mwezi Januari 2002. Waulize wanafunzi: je, ni picha ya kweli? Watasema ndiyo. Sasa waulize: mtu akiituma usiku huu akisema mlima umelipuka tena, je, habari hiyo ni ya kweli? Hapo mtoto ataelewa jambo ambalo wakubwa wengi hatujalielewa: picha ya kweli inaweza kubeba habari ya uongo.

Mzazi, washa redio ukae na mwanao. Radio Okapi imekuwa ikituletea habari kwa Kiswahili tangu 2002. Muulize: mtangazaji huyu aliona mwenyewe, au ameambiwa? Na nani? Habari ya volkano ikija, mwonyeshe wanaoupima mlima, watu wa Observatwari ya Volkano ya Goma, na umfundishe maana ya rangi za tahadhari, kutoka kijani hadi nyekundu. Ajue kila habari ina mlango wake wa kubishiwa hodi.

Najua hofu ya baadhi yenu: mtoto anayeuliza wakubwa atakosa adabu. Adabu iko katika namna ya kuuliza. Mtoto akisema, "Samahani baba, nani amesema?" hajakuvunjia heshima. Amekukumbusha kwamba neno lako lina uzito, na kwamba majirani watakimbia au watatulia kwa sababu yako.

Neno ni kama maji ya kartie: tunachota wote mahali pamoja, na akichafua mmoja tunaugua wote. Kulilinda ni kazi ya kila nyumba, yenye simu kumi na isiyo na hata moja.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja. Usiku wa leo, habari ya kutisha ikiingia kwenye simu yako, usiitume kwanza. Mwite mtoto wako, isomeni pamoja, mwulizane yale maswali matatu. Na jibu lisipopatikana, mwambie bila aibu: "Sijui, mwanangu. Tungoje, tuulize." Akikusikia ukisema hivyo leo, kesho atasema hivyo mwenyewe.