Maneno Yenye Picha na Kazi Yake kwa Msomaji
(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima)

Kila mtu awe na daftari na kalamu. Na mwalimu wa darasa asimame karibu na ubao.

Katika somo lililopita tulijifunza kusoma barua neno kwa neno. Leo twende mbele kidogo. Yako maneno ambayo mtu aweza kuyasoma yote pasipo kukosea hata herufi moja, na bado asipate maana yake. Nikikuambia, "Jirani yangu ana mkono wa birika," huendi kutazama kama chai inamwagika. Wajua nasema kwamba ni bahili. Maneno ya namna hii huitwa tamathali za usemi. Jina ni refu, lakini jambo lenyewe mnalo vinywani tangu utoto.

Tuanze na tashbihi. Tashbihi ni kufananisha kitu na kitu kwa neno "kama" au "mithili ya". Hapa kwetu Tabora, nchi ya miombo na mizinga ya nyuki, mtu husema, "Maneno yake matamu kama asali." Msomaji aliyekwisha kuonja asali husikia utamu ulimini kabla hajaanza kufikiri. Hiyo ndiyo kazi ya tashbihi: humfanya msomaji aone, asikie, aonje. Lakini ni lazima kitu kinachotajwa awe anakijua. Ukiwaandikia watu wa hapa kwamba nguo ni nyeupe kama theluji, wengi hawakupata kuiona theluji. Andika "nyeupe kama pamba", na kila mtu ataiona nguo hiyo.

Pili, iko istiara. Hapo neno "kama" huondolewa, na kitu kimoja huitwa kwa jina la kingine. Sikilizeni methali hii: "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Sasa fikirini njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Bagamoyo, ikapita hapa Unyanyembe, ikaenda mpaka Ujiji. Katika karne ya 19, mpagazi wa Kinyamwezi alichukua kichwani au begani mzigo wa ratili 60 au 70, yaani karibu kilo 30, siku baada ya siku. Aliyetembea mikono mitupu aliuona mzigo ule mwepesi kama usufi. Methali haikusema, "Watu hawajui taabu za wenzao." Ilikuonyesha kanda tu, nawe ukajipatia maana mwenyewe. Na maana uliyoitafuta mwenyewe haisahauliki upesi.

Tatu, tazameni majina ya sifa. Mtemi wa Urambo aliyekufa mwaka 1884 alizaliwa akiitwa Mtyela Kasanda, lakini watu walimjua kwa jina la Mirambo, ambalo huelezwa kuwa maana yake ni maiti. Na yule mfanyi biashara wa Unguja, Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliitwa Tippu Tip. Inaelezwa kwamba jina hilo ni kuigiza mlio wa bunduki zake. Kuigiza mlio hivi huitwa tanakali ya sauti. Je, majina hayo yalifanya kazi gani? Yalitangulia mbele ya mtu. Kabla hajafika kijijini, hofu ilikuwa imekwisha kufika.

Sasa tuje kwenye jambo kubwa lililotokea papa hapa Tabora. Mwezi wa Januari mwaka 1958, chama cha TANU kilifanya mkutano wake mkuu mjini petu. Serikali ya Kiingereza ilikuwa imeleta sheria ya kura tatu: kila mpiga kura sharti amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wajumbe wengi walichukizwa, wakataka kuususia uchaguzi. Mwalimu Julius Nyerere aliona kwamba kususia kungewaachia wengine viti. Basi akawapa wajumbe mfano wa shamba na matope: atakaye kuliokoa shamba lake hana budi kukubali kuingia katika matope, ajapokuwa na nguo safi.

Angalieni mfano ule ulivyofanya kazi. Sheria ya kura ni jambo gumu kulishika, lakini wengi wa watu wale walikuwa wana wa wakulima. Shamba walilijua. Matope waliyajua. Mkutano ukakubali kuingia katika uchaguzi. Wagombea waliosaidiwa na TANU walishinda mwaka 1958 na 1959, na uhuru ukapatikana tarehe 9 Desemba 1961.

Lakini si wote waliokubali. Zuberi Mtemvu alijitoa, akaanzisha chama kingine. Mtu aliyepinga angeweza kuuliza: "Je, haya ni matope ya kuosha kwa maji, au ni kinamasi cha kumzamisha mtu?" Swali hilo ni la haki. Mfano huonyesha upande mmoja wa jambo. Msomaji mwenye busara huutazama na upande wa pili.

Maana picha hiyo hiyo inayofumbua macho yaweza pia kuyafumba. Zamani za biashara ya watumwa, Wazungu walikuwa na msemo wa kuwaita watumwa "pembe nyeusi". Mtu mwenye mama na watoto alifanywa bidhaa kwa maneno mawili tu. Aliyesoma msemo huo katika gazeti huko Ulaya hakuusikia mnyororo, wala hakumwona mtoto aliyeachwa njiani. Kwa hiyo, ndugu zangu, mkisoma gazeti, tangazo au karatasi ya mkopo, na mkikuta maneno ya picha, jiulizeni mambo matatu:

1. Kitu gani hasa kinasemwa hapa, bila ya picha?
2. Picha hii inanitaka nihisi nini: furaha, hofu, hasira au huruma?
3. Je, kuna jambo linalofichwa?

Mtu aulizaye hivi kabla ya kutia sahihi hadanganyiki upesi.

Na sasa kazi yenu. Andikeni barua fupi kwa halmashauri kuomba kisima kitengenezwe. Mtu aweza kuanza hivi: "Kisima chetu ni kama mzee aliyekauka koo, tunamwuliza maji, anatujibu kwa upepo." Atakayesoma atasimama kidogo. Lakini msiishie hapo. Andikeni ni nyumba ngapi zinategemea kisima hicho, kimeharibika tangu lini, na akina mama huenda maji umbali gani. Picha humfanya mkubwa asome barua. Hesabu humwezesha kutenda.

Mkimaliza, someni barua zenu kwa sauti, na wenzenu wazijibie yale maswali matatu. Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.