Mvumo wa Bwalo Letu
(Maelezo yaliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kilindoni, Mafia)



Mnaikumbuka imla ya Kiingereza iliyosomwa humu bwaloni, madirisha yamefungwa kwa upepo wa kusi? Mimi nilikaa nyuma, nikaandika nusu, nikachapwa kwa uvivu. Miaka mingi nilidhani masikio yangu ni mabovu. Chuo Kikuu ndiko nilikojua kwamba kosa lilikuwa la kuta.

Sauti hukimbia karibu mita 340 kwa sekunde. Katika chumba kigumu hugonga ukuta na kurudi mara nyingi, neno la kwanza likalifunika la pili. Mvumo huhesabiwa kwa sekunde, mpaka nguvu ya sauti ibaki sehemu moja ya milioni.

Aliyefumbua jambo hili ni Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliyepewa mwaka 1895 ukumbi wa mihadhara usiosikika. Alibeba mito ya viti usiku, akipiga filimbi ya kinanda na kutazama saa. Kipimo chake kilikuwa dirisha wazi, kwa kuwa sauti ikitoka hairudi. Kanuni yake ni hii: zidisha ujazo wa chumba kwa 0.16, kisha gawanya kwa mita za mraba zinazomeza sauti.

Jana nilipima bwalo kwa hatua: mita 15 kwa 8, kimo 4, yaani mita 480 za ujazo. Saruji na lipu humeza kidogo mno. Sehemu zote pamoja nakadiria ni kama mita 13 za dirisha wazi. Jibu ni sekunde 6 kasoro. Nilipiga kofi nikahesabu 5. Mwisho wa sauti sikio hauupati. Wanafunzi 30, kila mmoja nusu mita, wanaishusha hadi 2.7. Kwa imla bado ni nyingi.

Ndugu Mwenyekiti, tumechanga fedha za kipaza sauti. Naomba tufikiri upya. Kipaza sauti kitaongeza kelele, na mvumo utabaki na sekunde zilezile. Mafia nazi tunazo. Tushone magodoro manene ya usumba, mita 40 za mraba, tuyatundike mbali kidogo na ukuta. Yakimeza nusu tu, tutafika 1.6, tukifungua madirisha mawili matatu, chini zaidi. Mikeka ya ukindu ni myembamba, haitoshi.

Fundi wa kushona yupo hapahapa Kilindoni, nimekwisha zungumza naye.