Maana ya Swali na Amri


Kauli ya kuarifu huwa kweli au uongo. Amri haiwi hivyo: ukiambiwa "Njoo!", huwezi kujibu "Si kweli", utatii au utakataa. Nalo swali hungoja jibu, ila mara nyingi hubeba ndani yake jambo lililokwisha kukubaliwa kabla ya kuulizwa.

Tulitazame swali tuulizwalo kila simu ipigwapo kutoka nyumbani: "Mtarudi lini?" Neno "lini" huuliza siku tu, kurudi kumekwisha kuhesabiwa kuwa ni hakika. Mtoto aliyezaliwa Maskati au London atajibuje? Hawezi kurudi mahali ambako hakutoka. Akitaja siku, ameahidi. Akinyamaza, huonekana ameukana ukoo.

Basi nawaomba wazee wetu watangulize swali jingine: "Je, mngependa kuja?" Hapo hata "la" litakuwa jibu la heshima. Nanyi vijana, mwambiwapo "Njooni mtuone", fahamuni kuwa hiyo ni amri kwa umbo, lakini kwa maana ni ombi la wanaowangoja. Jibu lake si neno, ni safari.