UPEPO, MVUA NA RIZIKI YA MKULIMA

(Maneno yaliyosemwa Vingunguti, Dar es Salaam, mbele ya wanachama wa visiwani wakaao huko.)



Wengi wenu mmezaliwa penye mikarafuu ya Unguja na Pemba, na leo mwakaa hapa Vingunguti, kando ya bonde la Msimbazi palimwapo mchicha. Mkarafuu na mchicha havifanani, lakini adui yao ni mmoja: hali mbaya ya hewa.

Tarehe 15 Aprili 1872, katika enzi ya Sayyid Barghash, tufani iliipiga Unguja ikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa. Mkarafuu hukaa miaka sita au zaidi tangu kupandwa hata kuanza kuzaa. Basi mwenye shamba alipoteza kwa siku moja kitu ambacho hakikurudi ila kwa miaka. Tangu hapo Pemba ikashika mbele, na hata leo ndiko zitokako karafuu zetu nyingi.

Asiseme mtu kwamba hayo ni mambo ya mababu. Tarehe 15 Aprili 1952 tufani iliipiga Lindi. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na vyombo vya abiria baina ya Dar es Salaam na Unguja vikasimama. Kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, tufani za namna hii ni nadra kwetu. Lakini nadra si muhali.

Tena liko dhara lisilongoja tufani, nalo ni mvua ya kawaida. Vuli ikinyesha wakati wa kuanika, karafuu zilizo juu ya majamvi huchacha na kupoteza thamani. Na hapa bondeni, mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 katika mji huu wa Dar es Salaam. Maji hushuka kutoka milima ya Pugu, yakaukuta mto umebanwa na nyumba, mchanga na taka. Nayo hayana budi kupita juu ya matuta. Mtu husema mchicha ni wa wiki tatu au nne, apande tena. Apande kwa mbegu gani, na mbolea gani? Mwenye mikarafuu hupoteza mali ya miaka. Mlimaji wa mchicha hupoteza kodi ya chumba ya mwezi huu, na mwenye nyumba hangoji.

Ndugu zangu, hapana aombaye serikali izuie mvua. Twataka mambo matatu. Kwanza, habari za Mamlaka ya Hali ya Hewa zimfikie mkulima mapema, kwa lugha ya shambani: vuna leo, usianike kesho. Pili, kwa miaka mingi karafuu zimenunuliwa na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar peke yake. Mnunuzi aliye peke yake katika faida yampasa kushiriki katika hasara, awe na fungu la akiba lililo wazi kwa mkulima ambaye miti yake imeangushwa na upepo. Tatu, mto usafishwe kabla ya masika, si baada ya matanga.

Nasi tuna wajibu wetu. Mwenye mikarafuu michanga apande mihogo na migomba kati yake, ili upepo ukipita asibaki mikono mitupu. Mwenye bustani ya bondeni achimbe mitaro wakati wa kiangazi, na mbegu aziweke nyumbani, mahali pa juu.

Wazee wetu walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu ya 1872, 1952, 2011 na 2024 tumekwisha kuyaona. Yaliyobaki ni kujitayarisha, na kuwauliza wenye mamlaka wamejitayarisha vipi.