Hasara Ikubaliwe Kabla ya Kupakia

(Maneno haya yalitolewa Uwemba, katika kikao cha wafanyabiashara wadogo wa mazao pamoja na wajumbe wa kamati za parokia. Yamefupishwa kidogo ili yaenee katika kurasa zetu.)

Nimeombwa nizungumze juu ya nidhamu katika biashara ya muda mfupi. Ninakusudia ile tunayoifahamu wote hapa: unanunua viazi shambani Jumatatu, unapakia Jumanne, Alhamisi unauza Dar es Salaam, na Jumamosi umerudi na fedha, au umerudi na maneno.

Watu wengi wanaokuja kuomba ushauri husema tatizo ni bei. Bei ni tatizo kweli, sibishi. Lakini tazameni njia yenyewe. Kutoka Njombe hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 700. Unashuka hadi Makambako, pale barabara ya Songea inapokutana na barabara kuu ya Tanzania na Zambia, unapita Iringa, unateremka Kitonga, unavuka Mikumi. Lori moja likilala Kitonga, foleni nzima inalala. Mvua ikinyesha na turubai limetoboka, viazi vinaanza kuoza kabla hujafika Morogoro. Na hata ukifika salama, unaweza kukuta mizigo ya Mbeya na ya Lushoto imeingia alfajiri ile ile. Hakuna hata moja katika haya unayoweza kuliamuru. Kilichomo mikononi mwako ni mambo mawili tu: umepakia sehemu gani ya mtaji wako, na utauza kwa bei gani mambo yakiharibika. Nasikitika kusema kwamba hayo mawili ndiyo tunayoyaamua mwisho, tukiwa tumechoka, tuko sokoni, na dalali amesimama mbele yetu.

Naomba mvumilie hesabu kidogo. Tuchukue mfano wa mtu mwenye mtaji wa shilingi 3,000,000. Akipoteza asilimia 10 anabaki na 2,700,000, na ili arudi alipokuwa anahitaji faida ya asilimia 11 na kidogo. Hiyo inapatikana. Akipoteza asilimia 20 anabaki na 2,400,000, na sasa anahitaji asilimia 25. Akipoteza nusu, anahitaji asilimia 100, yaani kile kilichobaki kizae kingine sawa nacho. Nani kati yenu amewahi kupata faida ya namna hiyo kwenye viazi kwa safari moja? Shimo linapozidi kuwa refu, udongo wa kulifukia unazidi kupungua. Ndiyo maana nawaambia kwamba kazi ya kwanza ya mfanyabiashara ni kuulinda mtaji. Faida inakuja baadaye.

Sasa mtu huyo huyo apate safari tatu mbaya mfululizo, kila moja ikila asilimia 20 ya mzigo. Kama kila mara alipakia mtaji wote, anashuka hadi 2,400,000, kisha 1,920,000, kisha 1,536,000. Karibu nusu imekwenda. Kama kila mara alipakia mzigo wa shilingi 1,000,000 tu, amepoteza 600,000 kwa safari zote tatu, na bado ana 2,400,000 za kuendelea nazo. Masoko yalikuwa yale yale, na viazi ni vile vile.

Najua mtaniambia, basi na faida itakuwa ndogo. Ndiyo, itakuwa ndogo. Pia mtaniambia kwamba gunia chache haziwezi kukodi fuso. Hilo ni kweli, na kwa sababu hiyo napenda kuona watu wanne watano wakishirikiana gari moja, kila mtu na alama yake kwenye magunia, kuliko mtu mmoja kujaza gari zima kwa fedha ya mkopo. Wapo wanaofanya hivyo hapa. Hawatajiriki kwa mwezi mmoja, lakini mwaka unaofuata utawakuta bado wapo sokoni.

Niseme kidogo juu ya akili ya binadamu, maana hapo ndipo penye ugumu. Mwaka 1979 wataalamu wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky, waliandika kwamba mtu huumia kwa kupoteza kiasi fulani cha fedha kuliko anavyofurahi kukipata kiasi hicho hicho. Mwaka 2002 Kahneman alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi ya namna hiyo. Mwaka 1998 mtafiti mwingine, Terrance Odean, alichunguza maelfu ya watu wa Marekani wanaonunua na kuuza hisa. Akakuta kwamba zile zilizopanda waliziuza haraka, na zile zilizoshuka walizishikilia, kwa sababu kuziuza ni kukiri kwamba umepoteza. Watu hao hawajawahi kuona Uwemba, lakini wamemweleza vizuri kabisa mfanyabiashara wa Uwemba. Bei ikiwa nzuri anauza mzigo wote saa moja asubuhi. Bei ikiwa mbaya anasema, ngoja kesho.

Kwa viazi, kesho ina gharama. Kiazi kikipigwa na mwanga kinageuka kijani, na kwenye joto la Dar es Salaam kinachoanza kuoza kinaambukiza jirani zake ndani ya gunia. Unalipia nafasi, unalipia mlinzi, unakula, unalala. Na dalali anakusoma usoni. Siku ya kwanza alikuambia bei ya chini. Siku ya tatu anajua huna pa kwenda, anakuambia ya chini zaidi, au anaomba umwachie kwa mali kauli. Mali kauli kwa mtu usiyemjua, ndugu zangu, ni zawadi.

Mahindi ni habari nyingine, na hapa naona watu wanachanganya. Mahindi makavu, yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5 kama kiwango cha Afrika Mashariki kinavyotaka, yakiwekwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa, yanaweza kungoja miezi. Kwa hiyo wengine husema, kwa mahindi sina haja ya kukubali hasara, nitangoja tu. Kungoja nako kuna hatari zake. Juni 2017 Serikali ilizuia kusafirisha mahindi ghafi nje ya nchi. Waliokuwa wamejaza maghala wakitarajia bei ipande waliiona ikishuka msimu ule. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya nayo ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Zuio lile liliondolewa kwa masharti baada ya siku chache tu, lakini kwa mwenye lori lililokwama mpakani siku chache ni nyingi. Hayo yote hayakuandikwa kwenye kalenda ya mtu yeyote wa Makambako.

Anayengoja kwa fedha yake mwenyewe anaweza kungoja. Anayengoja kwa mkopo wenye rejesho kila mwezi hangoji, anasukumwa. Atauza tu, na atauza siku ambayo wengine wenye marejesho nao wanauza.

Kabla sijafika kwenye mikopo, nigusie lumbesa. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, imeweka mwisho wa kilo 100 kwa gunia, na bado tunayaona magunia yenye vilemba viwili. Kwa kawaida tunalizungumza jambo hili kama dhuluma kwa mkulima, na ni dhuluma kweli. Lakini hata mnunuzi anajidhuru. Kama hujui gunia lako lina kilo ngapi, hujui kilo moja imekugharimu kiasi gani. Na kama hujui hilo, huwezi kujua ni bei gani sokoni inayoanza kukula. Mizani ni sehemu ya kujihami.

Ninachoomba kila mmoja afanye ni kuandika katika daftari, akiwa bado hapa na gari halijawashwa. Andika umenunua kilo ngapi na kila kilo imekugharimu kiasi gani mpaka ifike sokoni, pamoja na nauli, ushuru, upakiaji na chakula chako. Andika mzigo huu ni sehemu gani ya mtaji. Kisha andika bei ambayo ikifika utauza hata kama ni kwa hasara, na umwonyeshe mwenzako mmoja. Hilo la kumwonyesha mwenzako wengi hulidharau. Kumbe ndilo lenye nguvu, kwa sababu ukiwa peke yako sokoni utajishawishi, lakini mwenzako atakupigia simu akuulize, umefika bei ile, mbona bado uko huko?

Vijana watatu walio nyuma pale wanatabasamu, nadhani wanajua ninakokwenda. Mtu akishapata hasara kubwa, jambo linalofuata mara nyingi ni baya kuliko hasara yenyewe. Anataka kurudisha yote kwa mkupuo. Anakwenda kwa wale wa kausha damu, wasio na leseni ya Benki Kuu, anachukua riba ya wiki, anapakia mzigo mkubwa kuliko ule wa kwanza. Au anatafuta mahali fedha inapozaa yenyewe. Wakubwa mnakumbuka DECI, watu walivyopanga foleni kupanda mbegu ili wavune, na maneno yenyewe yalikuwa matamu masikioni mwa waumini. Mwaka 2009 Serikali iliisimamisha, na mwaka 2013 viongozi wake walitiwa hatiani katika mahakama ya Kisutu. Siku hizi kishawishi kiko kwenye simu: kununua na kuuza fedha za kigeni kwa mkopo wa dalali wa mtandaoni. Mwaka 2018 mamlaka inayosimamia masoko ya Ulaya ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida katika mikataba ya namna hiyo hupoteza fedha. Hao ni Wazungu wenye umeme usiokatika. Kijana aliyepoteza fedha ya viazi asiifuate huko.

Sasa nigeukie kamati, na marafiki wanaotuchangia mfuko wa mzunguko. Sitapaka mafuta. Kila robo mwaka tunawaandikia wafadhili kwamba marejesho yamefikia asilimia fulani, na ikiwa juu tunapongezana. Lakini rejesho haliniambii fedha imetoka wapi. Linaweza kuwa limetoka kwenye faida. Linaweza pia kuwa limetoka kwenye mbuzi aliyeuzwa, kwenye ada ya mtoto, au kwa mkopeshaji mwingine wa riba ya wiki. Karatasi zetu zinaandika yote hayo kwa namba moja. Tumekuwa tukimwuliza mama, umeleta rejesho? Hatumwulizi, mtaji wako umebaki kiasi gani? Swali la pili lingetuonyesha anayezama miezi miwili kabla hajazama, na lingewaokoa wadhamini wake wanne pia. Maana anapoanguka mmoja, nyumba tano zinalipa, na nyumba hizo tano ndizo zilizo jumuiya moja, zinazokutana kila wiki. Nimeona watu wakiacha kuja jumuiya kwa sababu ya deni. Hiyo hasara haiingii katika taarifa yoyote.

Kwa hiyo naomba kamati ifikirie mambo haya. Mkopo wa mtu wa viazi uwe mdogo na wa muda mfupi, na kiasi kisizidi theluthi ya mtaji wake kwa mzigo mmoja, hata akililia zaidi. Mkopo wa mahindi uwe na rejesho moja mwishoni, baada ya miezi ambayo kwa kawaida bei hupanda, badala ya kila mwezi. Anayeomba mkopo mpya alete daftari, na asiye na daftari afundishwe kwanza kuliandika. Anayekuja mwenyewe kusema amepata hasara, kabla ya tarehe ya rejesho, apewe muda bila faini. Tukimtoza faini anayesema ukweli, tutawafundisha wengine kunyamaza. Na kwa wafadhili, pengine mtaona asilimia ya marejesho ikishuka kidogo mwaka wa kwanza. Naomba msikimbie. Mtakuwa mnaona kwa mara ya kwanza kile kilichokuwepo siku zote.

Mama mmoja aliniuliza kabla hatujaanza, je, wenye vinyungu wanaovuna wakati wa kiangazi wafuate utaratibu huu pia? Wafuate, tena wao wana nafasi nzuri zaidi, kwa kuwa mavuno yao ni kidogo kidogo na hayalazimishi gari zima. Madaftari yako kwa katibu, pale kwenye meza ya mlangoni. Mizani ya kikundi nayo iko hapo nje. Wenye magunia waliyokuja nayo leo wanaweza kuyapima kabla hawajaondoka.